Ndege ya Michango

Leteni uzi wa kushonea. Na mkipata tufe la dunia, leteni pia, maana ramani ya ukutani haitatufaa leo: dunia ni ya mviringo na karatasi ni bapa, hivyo safari ndefu zikichorwa kwenye karatasi hupotoka.

Mmoja ashike ncha ya uzi Dar es Salaam. Mwingine auvute kwenda kaskazini, apite Kenya, Ethiopia, Sudan, Misri, avuke bahari hadi Uturuki, asonge mbele mpaka afike Kaunas, mji wa nchi iitwayo Lithuania, kando ya Bahari ya Baltiki. Kateni hapo. Uzi huo ni kama kilomita 7,000. Sasa uhamisheni, ncha moja iwe New York, Marekani, nyingine muielekeze Kaunas tena. Mnaona? Unafika, na kipande kidogo kinabaki mkononi.

Tofauti ni kwamba uzi wa kwanza, sehemu kubwa ya njia yake, una ardhi chini. Injini ikikohoa, rubani hutafuta uwanda akatua. Uzi wa pili una Atlantiki chini yake. Hadithi yangu ni ya watu wawili walioufuata uzi huo wa pili mwaka 1933, ndani ya ndege ya injini moja.

Wa kwanza ni Steponas Darius, aliyezaliwa Lithuania mwaka 1896 na kuhamia Marekani na familia yake akiwa mtoto, mwaka 1907. Wa pili ni Stasys Girėnas, wa mwaka 1893, aliyehamia huko 1910. Walithuania wengi walikwenda Marekani miaka hiyo kutafuta riziki. Wengi walijazana Chicago, wakifanya kazi kwenye machinjio na viwanda vya nyama. Wengine walichimba makaa ya mawe Pennsylvania.

Kwa nini walihama? Njaa ilikuwapo, lakini pia walikuwa hawana nchi. Tangu 1795 Lithuania ilikuwa imemezwa na dola ya Urusi. Kuanzia 1864 hadi 1904 watawala wa Kirusi walipiga marufuku kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini, yaani hizihizi mnazosoma sasa. Basi vitabu vikachapwa ng'ambo ya mpaka, Prussia, vikaingizwa usiku mgongoni mwa watu. Waliokamatwa, baadhi yao walipelekwa Siberia. Huku kwetu magendo tunayoyajua ni ya kahawa, sukari na karafuu. Wao walifanya magendo ya vitabu vya kusomea, hata vya sala.

Uhuru ulitangazwa tarehe 16 Februari 1918. Miaka miwili baadaye Poland ikautwaa Vilnius, mji mkuu wao, ndipo serikali ikawa Kaunas. Kwa hiyo mwaka 1933 Lithuania ilikuwa taifa la umri wa miaka kumi na mitano tu, na mtu wa New York ungemuuliza iko wapi angekuna kichwa.

Darius yeye alikuwa mtu wa kuingia kila mlango. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari wa Marekani, akapigana Ufaransa, akajeruhiwa. Mwaka 1920 alirudi Lithuania, akajiunga na jeshi changa la huko, akajifunza urubani. Na wapenzi wa mpira wa kikapu sikilizeni: yeye ni miongoni mwa waliouingiza mchezo huo nchini mwake, hata akauandikia kitabu. Leo Walithuania ni vigogo wa kikapu Ulaya. Mwaka 1927 akarudi Marekani, kichwani ana wazo moja: kuruka kutoka New York hadi Kaunas bila kutua. Girėnas aliyekutana naye huko alikuwa fundi wa injini aliyetokea jeshini, naye pia rubani.

Wazo wanalo, ndege hawana. Juni 1932 wakanunua moja, aina ya Bellanca, kwa dola 3,200. Ilikuwa ya mtumba, iliyokwisha kutumika. Msiwazie ndege mnazopanda kwenda Mwanza au Mombasa. Hii ilikuwa ya kubeba watu sita, mbawa zake juu ya chumba cha abiria, mwili wa mabomba ya chuma yaliyovalishwa kitambaa. Naam, kitambaa, kilichopakwa rangi na kukazwa.

Ndege ya namna hiyo isingeweza kuvuka Atlantiki ilivyo. Ilihitaji injini yenye nguvu zaidi, mbawa ndefu zaidi, na matangi ya ziada. Vyote hivyo ni fedha, na Marekani ilikuwa imo katika mdororo mkubwa wa uchumi, viwanda vimefungwa, watu kwenye foleni za chakula. Hapo ndipo ninapoipendea hadithi hii. Marubani hao hawakupata tajiri wala serikali ya kuwabeba. Walizunguka kwenye miji ya wahamiaji wenzao wakifanya maonyesho ya ndege na kuomba michango. Wakenya wangeiita harambee. Watu waliokuwa wakihesabu senti za mkate walitoa walichoweza kwa ajili ya ndege ambayo wao wenyewe wasingeipanda.

Najua kuna mmoja kati yenu anayetaka kuuliza: si bora wangejenga shule? Swali zuri, na wapo watu wazima wanaoliuliza mpaka leo kila mara fedha za umma zinapokwenda kwenye fahari. Mimi nawaelewa wachangiaji wale. Mtu aliyekatazwa kuandika lugha yake, kisha akawa mgeni katika nchi ya watu, akadharauliwa kwa jina lake gumu kutamkika, ana njaa nyingine ambayo mkate hauimalizi. Alitaka dunia ilitamke jina la kwao. Ndege ilipakwa rangi ya chungwa, na ubavuni ikaandikwa Lituanica, neno la Kilatini la kitu cha Kilithuania. Jina hilo ndilo lililokuwa mzigo wake mkubwa.

Mzigo wa pili ulikuwa mafuta. Hapa tusimame kidogo, maana wengi hudhani shida ya kuruka mbali ni kuwa na tangi kubwa tu. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Ukiijaza ndege mafuta ya siku nzima na nusu, inakuwa kama ngalawa iliyopakiwa hadi maji yanalamba ukingo: haitaki kuondoka. Inakimbia, inakimbia, na njia ya kurukia inakwisha. Ikishapaa, kila saa inayopita inazidi kuwa nyepesi kwa sababu injini inayala mafuta. Kwa hiyo saa za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, na kila kilo inahesabiwa. Redio ya mawasiliano hawakuwa nayo.

Sasa bila redio, na bila satelaiti, walijuaje njia? Kwa namna manahodha wa majahazi walivyojua: dira, saa, na hesabu. Unajua kasi yako, unajua umekwenda saa ngapi upande gani, unapiga hesabu uko wapi. Lakini upepo haukuulizi. Unaisukuma ndege pembeni, na juu ya bahari hakuna mti wala kisiwa cha kukuonyesha kwamba umesukumwa. Ukikosea digrii moja tu ya dira, baada ya kilomita 3,000 umeshatoka njiani kwa zaidi ya kilomita 50. Ongezeni ukungu, barafu inayoganda kwenye mbawa na kuzifanya nzito, na usingizi. Wakiwa wawili, angalau wangeweza kupokezana.

Kabla ya kuondoka waliacha ujumbe ulioandikwa kwa ajili ya vijana wa Lithuania, yaani watu wa rika lenu na kaka zenu. Walisema safari ile wanaitoa kwa taifa lao changa. Wakifaulu, ushindi uwatie vijana moyo. Na Atlantiki ikiwameza, basi hata kushindwa kwao kuwafundishe vijana kutokata tamaa. Nilipousoma mara ya kwanza nilinyamaza. Wale hawakuwa watu wa kujigamba tu. Waliijua hatari, wakaiandika.

Jumamosi tarehe 15 Julai 1933, saa 12:24 asubuhi, Lituanica iliondoka katika uwanja wa Floyd Bennett, New York. Ndani kulikuwa na watu wawili, mafuta, na barua za wahamiaji kwa ndugu zao. Walipanga kupita Ireland na London. Hali ya hewa ikawasukuma kaskazini zaidi, wakaingia Ulaya kupitia Scotland. Fikirini: usiku mzima na mchana juu ya maji, halafu unaona ufuko. Kazi ngumu kuliko zote walikuwa wameimaliza.

Huko Kaunas, Jumapili jioni, watu wapatao 25,000 walikusanyika uwanja wa ndege. Giza likaingia, wakakesha.

Juu ya Ujerumani kulikuwa na dhoruba. Saa 6:36 usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa saa za Berlin, ndege ilikata vilele vya misonobari katika msitu karibu na mji wa Soldin, ikaanguka. Wote wawili walifariki. Walikuwa wameruka saa 37 na dakika 11, kilomita 6,411. Kaunas ilikuwa imebaki kilomita 650 hivi, sawa na safari ya basi kutoka Dar hadi Arusha.

Kwa nini ilianguka? Tume ya Lithuania ilichunguza, ikasema ni hali mbaya ya hewa pamoja na hitilafu ya injini. Watu wengi hawakuridhika. Ukavuma uvumi kwamba Wajerumani waliitungua, wakidhani ni ya kijasusi, kwani Hitler alikuwa ameshika madaraka Januari ya mwaka uleule. Ushahidi wa kuthibitisha hilo haukupatikana. Mimi nasimama na tume. Ila naelewa chanzo cha uvumi: msiba mkubwa ukiwa na sababu ndogo, moyo hukataa kuupokea.

Kwa umbali wa kuruka bila kutua, safari ile ilihesabiwa ya pili duniani wakati huo, na barua zile zilikuwa za kwanza rasmi kuvushwa Atlantiki kutoka Amerika Kaskazini hadi Ulaya kwa ndege, hivyo ndivyo Walithuania wanavyojivunia. Miaka kumi baadaye, nchi ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, mchongaji Bronius Pundzius alizichonga sura za marubani hao kwenye jabali kubwa liitwalo Puntukas. Wasovieti walipokaribia mwaka 1944, miili ya marubani, iliyokuwa imehifadhiwa kwa dawa, ilifichwa ndani ya ukuta wa jengo la tiba Kaunas. Ilikaa humo takriban miaka ishirini, kisha ikazikwa makaburini mwaka 1964. Uhuru uliporudi, sura zao ziliwekwa kwenye noti ya litas 10, iliyotumika hadi Lithuania ilipoanza kutumia yuro mwaka 2015.

Na wale wachangiaji wa Chicago? Walianza kuchanga tena. Wakanunua ndege nyingine, Lituanica ya pili, na rubani safari hii akawa Feliksas Vaitkus, kijana aliyezaliwa Chicago kwenyewe. Septemba 1935 aliondoka New York peke yake, kwenye uwanja uleule. Barafu na hali mbaya ya hewa vilimshinda, akatua kwa shida shambani karibu na Cong, Ireland. Ndege iliumia, yeye akapona. Alikwenda Kaunas kwa vyombo vingine na kupokewa kama shujaa, na ndege yake nayo ikasafirishwa hadi Lithuania, ikatengenezwa, ikatumiwa na jeshi la anga.

Ile ya kwanza, ya rangi ya chungwa, mabaki yake yamo katika Makumbusho ya Vita ya Vytautas Mkuu, Kaunas. Mtu yeyote anaweza kwenda kuyaona.