Ubora wa vitabu vya kujifunzia XML

Kitabu cha kujifunzia XML ni kitabu cha kiufundi kinachomfundisha msomaji kuandika hati za XML, kuzikagua na kuzisoma kwa kutumia programu. Vitabu vya aina hii vilianza kutolewa kwa wingi baada ya lugha hiyo kutangazwa mwaka 1998, na ubora wake unatofautiana sana. Kosa dogo ndani ya kitabu cha XML humgharimu mwanafunzi zaidi kuliko kosa kama hilo katika kitabu cha HTML. Kivinjari kikikuta HTML yenye kasoro hujitahidi kuonyesha ukurasa hivyohivyo. Kwa XML kanuni ni kinyume: programu ikikuta kosa la muundo hairuhusiwi kuendelea na kazi kama kawaida. Mwanafunzi aliyenakili mfano mbovu hubaki na ujumbe wa kosa, asijue kama aliyekosea ni yeye au ni kitabu.

XML ni nini

XML ni lugha ya alama iliyopitishwa na shirika la W3C tarehe 10 Februari 1998. Wahariri wa toleo la kwanza walikuwa Tim Bray, Jean Paoli na C. M. Sperberg-McQueen. Ilitokana na SGML, lugha ya zamani zaidi iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa (ISO 8879) mwaka 1986, lakini ilirahisishwa sana.

XML haina lebo zake yenyewe. Mwandishi wa hati ndiye anayechagua majina ya lebo, nayo yanaweza kuwa ya Kiswahili:

<mifugo>
  <mnyama aina="mbuzi">Pili</mnyama>
</mifugo>

Hapo pana kipimo cha kwanza cha kitabu. Kikisema kwamba XML ni HTML mpya, au kikitoa orodha ya "lebo za XML" za kukariri, mwandishi wake hakuielewa vizuri lugha anayoifundisha. Kitabu kizuri pia hutenganisha mapema mambo mawili: hati iliyoundwa sawasawa, yaani inayofuata kanuni za jumla za XML kama kufunga kila lebo, na hati halali, yaani inayofuata pia kanuni za ziada zilizowekwa kwa aina ile ya hati. Mfano wa mifugo hapo juu umeundwa sawasawa. Kama ni halali hakuna awezaye kusema, kwa kuwa hakuna kanuni za mifugo zilizotajwa.

Watu wengi hutumia XML bila kujua. Faili za docx, picha za SVG na vitabu vya EPUB vina XML ndani yake. Fomu za ODK, ambazo wakusanya takwimu wa Afrika Mashariki hujaza kwenye simu, ni XML pia. Data za mradi wa CLDR, zinazoziwezesha kompyuta kuandika tarehe na majina ya nchi kwa Kiswahili, huhifadhiwa kwa XML.

Umri wa kitabu

Wengi huanza kwa kuangalia mwaka wa kuchapishwa. Ni jambo la busara, lakini kwa XML mwaka peke yake hautoshi. Kiini cha lugha hakijabadilika sana: XML 1.0 ilifikia toleo la tano mwaka 2008, na badiliko kubwa la toleo hilo lilikuwa kuongeza herufi zinazoruhusiwa katika majina ya lebo. Sura ya mwaka 1999 inayoeleza lebo, sifa na mzizi wa hati bado inafaa leo, ilimradi iliandikwa vizuri.

Kilichozeeka ni vitu vilivyoizunguka XML. Mfano mzuri ni XSLT, lugha ya kugeuza hati ya XML kuwa hati ya namna nyingine. Kivinjari cha Internet Explorer 5 kilitoka Machi 1999, wakati XSLT 1.0 ilipitishwa Novemba mwaka huohuo. Kwa hiyo kivinjari hicho kilifuata rasimu, na vitabu kadhaa vya wakati ule vikafundisha rasimu hiyo kana kwamba ndiyo lugha yenyewe. Vitabu hivyo hutambulika haraka: mifano yake ina anwani http://www.w3.org/TR/WD-xsl badala ya http://www.w3.org/1999/XSL/Transform. Mwenye kitabu cha mtumba au cha msaada afungue kwanza ukurasa huo. Akikuta anwani ya rasimu, sura hiyo airuke.

Kuna pia hali ya kinyume. XSLT 2.0 ilipitishwa 2007 na XSLT 3.0 mwaka 2017, lakini vivinjari vilibaki na 1.0. Kitabu kipya kinachofundisha 3.0 bila kusema mifano yake inahitaji programu gani kinaweza kumkwamisha mwanafunzi kuliko kitabu cha mwaka 2001. Michael Kay, mwandishi wa XSLT Programmer's Reference (2000) na mhariri wa XSLT 2.0, alikiandika upya kitabu chake lugha ilipobadilika. Kuwapo kwa matoleo mapya ya aina hiyo ni dalili njema. Hata hivyo, ni lazima kuhakikisha kwamba kilichobadilika ni yaliyomo na si jalada tu.

Nafasi za majina

Sura ya kuisoma dukani au maktabani kabla ya kununua kitabu ni ile inayohusu nafasi za majina. Utaratibu huu uliongezwa Januari 1999 ili lebo zenye jina moja zisigongane: lebo ya <jina> ya mnyama na ya <jina> ya mmiliki zinaweza kutoka katika misamiati miwili tofauti. Kila msamiati hupewa anwani, na anwani hiyo huwakilishwa na kiambishi kifupi mwanzoni mwa lebo.

Vitabu dhaifu hupita hapa mbio. Wasomaji hutoka wakiamini kwamba kiambishi ndicho muhimu, na kwamba anwani lazima ifungue ukurasa fulani wa intaneti. Yote mawili si kweli. Kiambishi kinaweza kubadilishwa kuwa kingine chochote na maana ikabaki ileile. Anwani ni jina tu la kutofautisha, na si lazima pawe na kitu mahali inapoelekeza.

Mtego mkubwa uko mbele zaidi. Tuseme hati inaanza hivi:

<mifugo xmlns="urn:mfano:mifugo">

Mwanafunzi anatafuta wanyama kwa XPath 1.0 akiandika /mifugo/mnyama. Hapati kitu, wala hapati ujumbe wowote wa kosa. Sababu ni kwamba katika XPath 1.0 jina lisilo na kiambishi humaanisha jina lisilo na nafasi yoyote, wakati lebo zote za hati hii zina nafasi. Kitabu kisichoonya kuhusu jambo hili, tena kwa mfano unaoshindwa na mfano uliorekebishwa, kimeacha kazi katikati. Jambo jingine la kuangalia ni kama kinataja kwamba nafasi ya msingi haizihusu sifa. Kosa hilo hukutwa hata katika vitabu vinavyosifiwa.

Herufi

Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini, hivyo makosa ya usimbaji wa herufi hujificha kwa muda mrefu. Hujitokeza kwenye ng'ombe. Mtu akiandika sifa kwa alama moja za kunukuu, aina='ng'ombe', alama ya katikati ya neno hufunga sifa na hati yote hukataliwa. Dawa ni kutumia alama mbili, au kuandika &apos; mahali pa alama hiyo. Hiyo ni moja kati ya vifupisho vitano ambavyo XML inavyo tangu mwanzo; vingine ni &lt; &gt; &amp; na &quot;.

Ikiwa neno lilinakiliwa kutoka programu ya kuandikia barua, alama yenyewe huenda ikawa iliyopinda. Faili ikihifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows huku ikitangazwa kuwa UTF-8, alama hiyo moja inatosha kuiangusha. Hati isiyotangaza usimbaji wowote kwa kawaida husomwa kama UTF-8 au UTF-16. Kitabu kizuri hueleza kwamba tangazo la juu ya hati haligeuzi herufi: linasema tu faili ilihifadhiwaje, na linaweza kusema uongo.

Usalama

Hapa vitabu vya zamani vina upungufu wa kweli. Vilieleza uwezo wa hati kuita faili ya nje kuwa ni urahisi tu. Baadaye ilidhihirika kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kutuma hati inayoamuru seva isome faili zake za siri. Orodha ya OWASP ya hatari kumi za programu za wavuti ya mwaka 2017 iliiweka hatari hiyo nafasi ya nne. Shambulio jingine hutumia kifupisho kinachoita vifupisho kumi, kila kimoja nacho kikiita kumi, na kuendelea. Hati isiyofika kilobaiti moja hupanuka hadi gigabaiti kadhaa kwenye kumbukumbu. Anayetumia kitabu kisicho na onyo hili asiweke mifano yake kwenye seva kama ilivyo.

Kujaribu mifano

Kipimo kisichohitaji utaalamu ni kunakili mifano mitatu au minne ya kitabu na kuikagua. Programu ya xmllint, inayotolewa bure pamoja na maktaba ya libxml2, hutosha:

xmllint --noout mifugo.xml

Ikinyamaza, muundo uko sawa. Ikilalamika, msomaji alinganishe kwanza na ukurasa, kisha atafute orodha ya masahihisho ya mchapishaji. Orodha hiyo si aibu kwa kitabu, kwani huonyesha kwamba kuna aliyekisoma akajaribu.

Unene wa kitabu hausemi mengi. Baadhi hunenepeshwa kwa kuchapisha mwishoni maelezo rasmi ya XML, ambayo yanapatikana bure kwenye tovuti ya W3C. Maelezo hayo ni magumu kwa anayeanza, lakini Tim Bray alitoa mwaka 1998 nakala yenye ufafanuzi wake pembeni, akieleza kwa nini kanuni fulani iliwekwa. Nayo husomwa bure.