Kikombe kinachomaliza mbio za maji

Msomaji mmoja wa Ludewa ameniuliza swali ambalo nimelisubiri kwa hamu. Nyumba yake iko juu milimani, nguzo za umeme ziko mbali, na nyuma ya shamba lake la viazi kuna kijito kinachoshuka kwenye miamba. "Ni kidogo, hata mtoto anakiruka," anasema. Anataka kujua kama kinaweza kuwasha taa, televisheni na friji, au anunue sola kama majirani zake.

Kinaweza. Tena kijito chembamba kinachoanguka kutoka juu kina faida kuliko mto mpana unaotambaa bondeni. Jenereta sitaieleza, sumaku na nyaya za shaba tulizisoma sekondari, na jenereta haijali inazungushwa na nani. Uhondo wote uko kwenye gurudumu la maji.

Hesabu yake ni fupi. Lita moja ya maji kila sekunde, ikishuka mita moja, hubeba takriban wati 10. Kwa hiyo unahitaji kujua mambo mawili tu: maji ni kiasi gani, na yanashuka urefu gani. Urefu huo wa kushuka nitauita kimo. Kusanya maji yote ya kijito yaingie kwenye ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 10, una lita 2 kwa sekunde. Kimo utakipima kwa ule mpira unaoonyesha ndani, ambao mafundi uashi hupimia levo, ukipanda nao kidogo kidogo mpaka pale maji yatakapochukuliwa. Tuseme umepata mita 50. Lita 2 mara mita 50 mara 10 ni wati 1,000. Nusu yake itapotea kwenye bomba, gurudumu na jenereta ndogo, zibaki wati 500. Zinaonekana chache, lakini kijito hakilali. Wati 500 usiku na mchana ni yuniti 12 kwa siku, yuniti 360 kwa mwezi, ilhali kundi la LUKU la watumiaji wadogo huishia yuniti 75.

Sasa tuje kwenye gurudumu lenyewe. Maji yaliyoshuka mita 50 ndani ya bomba la plastiki, yakabanwa kwenye mdomo wa milimita 9 tu, hutoka kwa kasi ya mita 30 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Mshale huo wa maji una nguvu. Kazi ni kuivua nguvu yote ibaki kwenye gurudumu. Wachimba dhahabu wa California katika karne ya 19 walihangaika sana na jambo hili. Magurudumu yao yalikuwa na vibao bapa. Maji yaligonga, yakatawanyika kila upande, na sehemu kubwa ya nguvu ikaondoka na matone.

Aliyelitatua ni Lester Pelton, fundi aliyezaliwa Ohio mwaka 1829 na kufika California mwaka 1850 akifuata dhahabu kama wenzake. Mahali pa kibao aliweka vikombe viwili vilivyoungana ubavu kwa ubavu, na katikati yake ukingo mkali. Ukingo huo ninauita kipasuo. Nilifikiria kigawanyo, lakini hilo nimewaachia watu wa hesabu, maana maji hapa yanapasuliwa. Mshale unatua juu ya kipasuo, unakuwa vipande viwili, na kila kipande kinateleza kwenye mzunguko wa kikombe chake mpaka kinageuka na kutazama kilikotoka. Pelton alipata hataza yake mwaka 1880. Mwaka 1883, katika shindano la magurudumu huko Grass Valley, la kwake lilivuna zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya maji, na wapinzani wake hawakufika 80.

Siri ya ushindi huo iko kwenye kasi. Kikombe kikiwa kimesimama, maji yataingia kwa mita 30 kwa sekunde, yageuke, na yarudi kwa mita 30 zilezile. Yameondoka na nguvu yao yote. Kikombe kikikimbia kwa mita 30, maji hayatakifikia kamwe. Basi kiache kikimbie kwa mita 15, nusu ya kasi ya mshale. Maji yanakikuta kikombe kwa tofauti ya mita 15, yanaingia, yanageuka, na yanatoka nyuma kwa mita 15 kwa kipimo cha kikombe. Lakini kikombe chenyewe kinakwenda mbele kwa mita 15. Kumi na tano nyuma, kumi na tano mbele: kwa mtu aliyesimama pembeni, maji hayaendi popote.

Fikiria Fuso lililosheheni machungwa likitoka Muheza kwenda Segera kwa kilomita 54 kwa saa, ambazo ndizo mita 15 kwa sekunde. Utingo amekaa juu ya mzigo. Anachukua chungwa na kulirusha nyuma kwa kasi hiyohiyo ya kilomita 54. Yeye analiona likimkimbia. Mama anayeuza mahindi kando ya barabara anaona kitu kingine kabisa: chungwa linadondoka wima mbele yake, halina haraka ya kwenda Segera wala Muheza. Utingo akilirusha kwa nguvu zaidi, chungwa litaanza safari ya kurudi Muheza; akilirusha kivivu, litaendelea kulifuata lori kuelekea Segera. Katika hali zote mbili chungwa limeondoka na mwendo. Kuna kasi moja tu inayoliacha bila mwendo wowote, na kila anaporusha, mkono wake unalisukuma lori mbele kidogo. Maji yanayotoka kwenye kikombe cha Pelton ni chungwa lile la kasi moja. Ukichungulia chini ya gurudumu lililopangwa vizuri, maji yaliyoingia yakiwa na nguvu ya kuumiza mkono yanadondoka tu, yamelegea. Yamelipa yote.

Mafundi hulipunguza gurudumu mwendo hadi chini kidogo ya nusu ya kasi ya mshale, na maji hawayageuzi kabisa hadi mwisho, ili yasikigonge mgongoni kikombe kinachofuata. Kwa kijito chetu, gurudumu la kipenyo cha sentimita 20 litazunguka mara 1,400 hivi kwa dakika, mwendo ambao jenereta nyingi ndogo zinaupenda, hivyo linafungwa moja kwa moja kwenye ekseli bila mkanda wala gia. Na ukubwa haubadilishi kanuni. Kule kwenye kituo cha umeme cha Kihansi, mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 180 inazungushwa na vikombe vya aina hiihii, kwa kimo cha takriban mita 850, na maji hutoka mdomoni kwa zaidi ya kilomita 400 kwa saa.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoeleza hatari ya usiku. Ukizima taa zote, jenereta inaacha kulizuia gurudumu, na vikombe vinaongeza mbio mpaka vinakaribia kasi ya mshale, karibu mara mbili ya mwendo wa kazi. Jenereta inaweza kuharibika. Kuyafunga maji ghafla nako ni kosa, maana maji yaliyojaa bomba refu yakisimamishwa mara moja yanaweza kulipasua. Dawa yake ni kifaa cha kielektroniki kinachopeleka umeme wa ziada kwenye hita iliyozamishwa ndani ya pipa. Wati 500 kwa saa 8 za usingizi zinapandisha joto la lita 100 za maji kwa nyuzi 30 hivi, na kwa baridi ya Ludewa mwezi Julai hiyo si ziada ya kutupa.

Mengine ni ya kawaida: chujio la majani na mchanga pale maji yanapochukuliwa, kibali cha maji kutoka bodi ya bonde, pasi ya wati 1,000 uisahau, na kijito kiachiwe maji yake ya kuishi. Kihansi walipoyachepusha maji, chura mdogo aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko alitoweka, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Ludewa, usinunue kitu bado. Subiri Oktoba, mvua zikiwa hazijaanza na kijito kimepungua kabisa, ndipo upime kwa ndoo na saa. Namba hiyo ndiyo ya kununulia bomba, wala si ile ya Machi. Ikikutokea nusu lita kwa sekunde, chukua gurudumu na sola vyote viwili: miezi ambayo mawingu yanaifunika paneli ndiyo ambayo kijito kimejaa.