Mji wa Aÿ na Ugomvi wa Zabibu

Leo twende mpaka Ufaransa, kwenye mji mdogo wa wakulima wa zabibu uitwao Aÿ. Jina lake lina herufi mbili tu, na ile ya pili ina nukta mbili juu. Hutamkwa "A-i".

Mji huo uko kando ya mto Marne, katika eneo la Champagne, mashariki ya Paris. Nyuma ya nyumba tu, mashamba ya mizabibu yanapanda kilima. Chini ya ardhi mna mawe meupe ya chokaa, laini. Watu wamechimba humo maghala marefu yenye ubaridi mwaka mzima. Ndimo mvinyo unamolazwa.

Mvinyo wao, yaani shampeni, una povu. Povu linatoka wapi? Wewe unayejua pombe inavyochacha utaelewa upesi. Mvinyo ukishachacha mara ya kwanza, hutiwa katika chupa pamoja na sukari na hamira, kisha chupa hufungwa imara. Unachacha tena humo humo, na hewa haina pa kutokea. Ukifungua, paa! Tena, zabibu nyingi za Aÿ ni nyeusi, lakini mvinyo wake ni mweupe. Kumbe weusi uko kwenye ganda tu. Zabibu hukamuliwa taratibu ili ganda lisitoe rangi.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Wakulima walilima, wafanyabiashara wakanunua zabibu na kutengeneza mvinyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mdudu mdogo alikuwa akila mizizi ya mizabibu. Mwaka 1910 mvua na magonjwa yakaharibu karibu mavuno yote. Mkulima hana kitu. Lakini wafanyabiashara wengine walileta mvinyo wa bei rahisi kutoka mikoa ya mbali, wakautia povu, wakauuza kwa jina la Champagne. Basi jina la mkulima likauzwa, yeye akabaki na njaa.

Serikali ikaweka mpaka wa Champagne. Watu wa Aube, walioachwa nje, wakaandamana. Tarehe 11 Aprili 1911 Baraza la Seneti likataka mpaka ufutwe. Hapo wakulima wa Marne wakachemka. Kesho yake wakaingia Aÿ, walikokuwa wafanyabiashara wengi. Wakavunja mapipa, mvinyo ukatiririka barabarani, nyumba zikachomwa moto. Askari wa farasi walishindwa kuwazuia. Na mvinyo ule uliomwagwa, mwingine ulikuwa jasho lao wenyewe.

Shauri lilichukua miaka. Sheria ya 1927 ndiyo iliyotaja ni vijiji gani na zabibu gani zinazostahili jina hilo, na watu wa Aube wakaingizwa. Mwaka 1941 ikaundwa kamati moja ya wakulima na wafanyabiashara, nayo ipo hadi leo. Kanuni inasema zabibu zichumwe kwa mkono tu. Kwa hiyo kila mavuno yakifika, Aÿ hujaa vibarua, na mikasi inalia kilimani tangu asubuhi.