Istilahi za Muziki: Sonata na Piano ya Vipachiko

Mfasiri anayepewa jalada la santuri huiona kazi kuwa ndogo, kwani maneno yenyewe ni machache. Katika makala haya tutachukua mfano mmoja: santuri ya Sonatas and Interludes, utungo wa Mmarekani John Cage wa miaka ya 1946 hadi 1948, uliopigwa na Maro Ajemian na kutolewa na kampuni ya Dial mwaka 1951.

Istilahi ya kwanza ni sonata. Wako wanaoifasiri "wimbo wa piano". Tafsiri hiyo haifai. Wimbo hutokana na kuimba, hali neno sonata, lenye asili ya Kitaliano, lilitumika kuutenga muziki wa ala na kantata, yaani muziki wa kuimbwa. Basi neno sonata libaki, nalo lifafanuliwe kuwa "utungo wa ala". Tusiongeze kwamba ni lazima uwe na sehemu tatu au nne, kwa kuwa sonata nyingi kati ya hizi 16 ni fupi, zenye nusu mbili tu, na kila nusu hurudiwa.

Ya pili ni ngumu zaidi. Kabla ya kupiga, mpigaji hupachika skrubu, bolti, nati na vipande vya mpira na plastiki baina ya nyuzi za noti 45, akifuata jedwali la mtungaji. Nyuzi hizo huacha sauti yake ya kawaida, zikatoa mlio kama wa ngoma au kengele. Kiingereza huiita piano hiyo kwa neno lenye maana ya "kutayarishwa". Tukisema "piano iliyotayarishwa", mwalimu ataelewa kuwa imefutwa vumbi na kulinganishwa sauti; akiisikia, atadhani santuri imeharibika. Tunapendekeza "piano ya vipachiko", kwa sababu hutaja tendo lenyewe.

Ya tatu ni jina la mkondo wa muziki huu, ambalo kwa Kifaransa lilikuwa la askari wanaotangulia jeshi. "Muziki wa kisasa" ni pana mno. Hata dansi ni la kisasa. "Muziki wa watangulizi" huelekeza kwa waliokwisha pita. Lakini wasomaji wetu wanazikumbuka Nchi za Mstari wa Mbele katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na taswira ni ile ile ya vita. Kwa maoni yetu, "muziki wa mstari wa mbele" utaeleweka.

Istilahi njema humwandaa msikilizaji kwa atakachokisikia. Tunawaomba wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya kazini na darasani kabla hayajasanifiwa.