Yasiyotamkwa katika Kaulimbiu: Sarufi ya Ushawishi katika Kampeni za Urais wa Marekani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kampeni za urais nchini Marekani zinavyotumia lugha kuwavuta wapigakura. Kwa kurejelea kaulimbiu, matangazo ya runinga na midahalo ya kati ya mwaka 1964 na 2024, yanaonesha kuwa sehemu kubwa ya ushawishi haimo katika hoja zinazotamkwa, bali katika yale ambayo msikilizaji huachiwa ayajaze mwenyewe: wakati usio na tarehe, nafsi isiyobainishwa na jina lisilotajwa. Tafsiri ya Kiswahili inatumika hapa kama chombo cha uchambuzi, kwa kuwa uambishaji wa kitenzi cha Kiswahili hulazimisha kubainishwa kwa baadhi ya mambo ambayo Kiingereza huyaacha wazi.

1.0 Utangulizi

Uchambuzi wa lugha ya siasa aghalabu huanza na yale yaliyosemwa: ahadi, hoja, sitiari na misemo. Mwelekeo huo una manufaa, lakini hautoshi kueleza kwa nini maneno matatu au manne yaliyochapwa kwenye kofia huweza kukumbukwa kuliko ilani nzima ya chama. Makala haya yanaongozwa na dhana mbili za pragmatiki. Ya kwanza ni dhana tangulizi, yaani lile ambalo msemaji halidai bali hulichukulia kuwa tayari linakubalika. Ya pili ni maana dokezwa kama ilivyofafanuliwa na Grice (1975), yaani maana ambayo msikilizaji huifikia kwa kukisia kwa nini msemaji amesema alichosema.

Haidaiwi hapa kwamba lugha peke yake huamua ushindi. Hali ya uchumi, utiifu wa wapigakura kwa vyama vyao na fedha za kampeni vina uzito wake. Swali linaloshughulikiwa ni finyu zaidi: lugha inapofanya kazi yake katika kampeni hizo, huifanyaje?

2.0 Hadhira ya Kampeni

Umbo la lugha ya kampeni haliwezi kueleweka bila kujua inasemwa kwa nani. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538 wa uchaguzi, na mgombea huhitaji wajumbe 270 ili ashinde. Isipokuwa Maine na Nebraska, mgombea anayeongoza katika jimbo huchukua wajumbe wote wa jimbo hilo. Kwa sababu hiyo, majimbo ambayo matokeo yake yanatabirika hupewa nafasi ndogo, na nguvu hupelekwa kwenye machache yenye ushindani. Mwaka 2000, George W. Bush alishinda Florida, na hivyo urais, kwa tofauti ya kura 537. Mwaka 2016, Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura za wananchi zipatazo milioni 2.9, lakini akashindwa katika Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa tofauti ya jumla isiyofikia kura 80,000. Mwaka 2024, ushindani ulijikita katika majimbo saba tu.

Hali hiyo ina athari ya kiisimu. Mgombea husema kwa wakati mmoja na mfanyakazi wa kiwanda wa Michigan, mstaafu wa Arizona na mwanafunzi wa Georgia. Ahadi iliyo bayana humvuta mmoja na kumkimbiza mwingine. Ni kweli kwamba kampeni za siku hizi hutumia takwimu za wapigakura kupeleka ujumbe tofauti kwa makundi tofauti, lakini kaulimbiu husikika kwa wote. Hivyo, inayofaa ni ile ambayo kila msikilizaji anaweza kuijaza kwa mambo yake bila kugongana na jirani yake.

3.0 Wakati Usio na Tarehe

Kaulimbiu ya Trump ya mwaka 2016, ambayo kwa Kiswahili yaweza kutafsiriwa kuwa *Ifanye Marekani iwe kuu tena*, inabeba mzigo wake mkubwa katika neno la mwisho. *Tena* linachukulia kwamba ukuu ulikuwapo. Muktadha wa kauli unadokeza kuwa sasa haupo. Jaribio la ukanushi linathibitisha jambo la kwanza: anayesema *tutaifanya Marekani iwe kuu tena* na anayesema *hatutaifanya Marekani iwe kuu tena* wote wawili wanakubali kwamba hapo zamani ilikuwa kuu. Wakati huo hautajwi. Mmoja atafikiria miaka ambayo kiwanda cha mji wake kilikuwa wazi, mwingine miaka ya ujana wake, mwingine utaratibu wa kijamii ambao wenzake wasingependa urudi. Kutotajwa kwa tarehe ndiko kunakowaweka pamoja.

Clinton alijibu mwaka huohuo kwamba Marekani haijawahi kuacha kuwa kuu. Jibu hilo lilipinga kilichodokezwa kuhusu sasa, lakini liliafiki kuwa ukuu ndio mada. Zaidi ya hayo, kwa mpigakura mwenye shida, kauli kwamba nchi haijapungukiwa huweza kusikika kama kukana shida yake. Huo ndio ugumu wa kupinga dhana tangulizi: sharti mpinzani aichimbue kwanza, aitamke kwa sauti, ndipo aikanushe.

Mbinu hiyo si ya chama kimoja. Mwaka 2024, mikutano ya Kamala Harris wa chama cha Democratic ilivuma kwa wito wa *haturudi nyuma*. Kauli hiyo nayo inamjengea mpinzani nia ya kurudisha watu mahali fulani bila kupataja. *Tena* na *nyuma* zinagombea wakati uleule uliopita, moja ikiupamba na nyingine ikiutia kiza.

4.0 Nafsi: Nani Atatenda, na kwa Ajili ya Nani?

Tafsiri iliyotolewa hapo juu ina tatizo la makusudi. Kitenzi cha Kiingereza katika kaulimbiu hiyo hakina kiima. Kinaweza kuwa amri au lengo lililofupishwa. Kiswahili hakimruhusu mfasiri kuuhifadhi utata wote huo. *Ifanye* ni amri kwa mtu mmoja, *ifanyeni* ni kwa wengi, *tuifanye* inamjumuisha msemaji, na *kuifanya* inataja lengo pasipo mtendaji. Ronald Reagan, aliyetumia kaulimbiu ya karibu sana na hiyo mwaka 1980, alianza na umbo la Kiingereza linalolingana na *tuifanye*. Katika toleo la 2016 mwaliko huo wa pamoja umedondoshwa, na mtendaji ameachwa wazi. Anayetaka kusikia wito kwa raia atausikia. Anayetaka kusikia ahadi ya kiongozi mmoja ataisikia pia.

Kaulimbiu ya Barack Obama ya mwaka 2008 ilikwenda njia nyingine. Ilifanana na wito wa Kihispania wa chama cha wafanyakazi wa mashambani uliotokea mwaka 1972. Wito huo hauna nafsi mahususi. Kwa Kiswahili uko karibu zaidi na kauli ya kutendeka: *ndiyo, inawezekana*. Umbo la Kiingereza lilileta nafsi ya kwanza wingi: *ndiyo, tunaweza*. Katika hotuba ya tarehe 8 Januari 2008 huko New Hampshire, baada ya Obama kushindwa na Clinton katika uchaguzi wa mchujo, *tu-* hiyo iliweza kumaanisha wanakampeni, wafuasi wa chama au Wamarekani wote. Hapa Kiswahili hakifichui kitu, kwa kuwa, kama Kiingereza, hakitofautishi *sisi* inayomjumuisha msikilizaji na ile inayomtenga. Kiindonesia, chenye *kita* na *kami*, kingemlazimisha msemaji kuchagua. Vilevile, kitenzi *-weza* kimeachwa bila kijalizo: tunaweza nini, ni juu ya msikilizaji.

Mwaka 2016, wafuasi wa Clinton walibeba maneno yenye maana ya *niko pamoja naye*. Katika Kiingereza kiwakilishi kinaonesha kuwa huyo ni mwanamke, na uzito wote ulikuwa hapo, kwa kuwa Clinton alikuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais. *Naye* ya Kiswahili haioneshi jinsi, hivyo tafsiri inapoteza kiini. Trump, katika hotuba ya kukubali uteuzi mwezi Julai, aliigeuza mishale: *niko pamoja nanyi*. Kwa Clinton, mpigakura ndiye aliyesimama upande wa mgombea. Kwa Trump, mgombea alisimama upande wa mpigakura.

Mfano ulio wazi zaidi ni tangazo la kampeni ya Trump la mwaka 2024, lililomalizia kwa kusema kuwa Harris ni wa *wao* na Trump ni wa *wewe*. Katika Kiingereza, viwakilishi vya nafsi ya tatu wingi hutumiwa pia na baadhi ya watu wasiojitambulisha kuwa wanaume wala wanawake. Tangazo lilicheza na maana zote mbili: lilirejelea mjadala kuhusu utambulisho wa kijinsia, na papo hapo likachora mpaka kati ya msikilizaji na watu wengine. Kwa Kiswahili mchezo huo hufa, kwa sababu *yeye* haina jinsi. Kinachobaki ni mpaka mtupu kati ya *wewe* na *wao*.

5.0 Swali na Ukimya

Katika mdahalo wa tarehe 28 Oktoba 1980, Reagan aliwauliza watazamaji iwapo hali yao ilikuwa bora kuliko miaka minne iliyotangulia. Hakudai kwamba Jimmy Carter ameshindwa. Aliteua kipimo, yaani maisha ya mtu binafsi ndani ya miaka minne, kisha akamwachia mpigakura ushahidi na hukumu. Carter hakuwa na namna ya kumjibia kila mtu. Nguvu ya swali hilo haijaisha: mdahalo wa tarehe 10 Septemba 2024 ulifunguliwa kwa swali la namna hiyohiyo, akiulizwa Harris.

Ukimya hufanya kazi iyo hiyo. Tarehe 7 Septemba 1964, kampeni ya Lyndon Johnson ilirusha tangazo la mtoto wa kike anayehesabu petali za ua, likafuatiwa na sauti ya kuhesabu kurudi nyuma na mlipuko wa nyuklia. Lilirushwa mara moja tu kama tangazo la kulipiwa, ingawa vipindi vya habari vililirudia. Jina la mpinzani, Barry Goldwater, halikutajwa. Watazamaji ndio waliounganisha hatari na mgombea, na dai ambalo hakuna aliyelitamka haliwezi kudaiwa ushahidi wala kuombewa radhi.

6.0 Hitimisho

Mifano iliyochambuliwa inaonesha kuwa uwazi wa kisarufi una faida mbili kwa kampeni: huwaunganisha wapigakura wasioafikiana, na humpunguzia mgombea wajibu wa kujibu. Anayeahidi kiwango fulani cha kodi anaweza kupimwa kwacho. Anayeahidi *tena* hana tarehe ya kupimiwa.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja wafasiri wa habari katika idhaa za Kiswahili. Achaguaye *tuifanye* badala ya *ifanye*, au *nawe* badala ya *nanyi*, amekwisha kuijibia hadhira swali ambalo mgombea aliliacha wazi. Inafaa uchaguzi huo ufanywe kwa kujua, na inapowezekana uelezwe kwa msikilizaji. Kwa watafiti, jaribio la ukanushi na jaribio la nafsi vinaweza kutumika pia kwa kaulimbiu za kampeni zinazotungwa kwa Kiswahili chenyewe, ambako uambishaji huziba baadhi ya mianya ya Kiingereza na kuacha mingine, hasa ile ya *tu-*, ikiwa wazi.