Habari za Tahadhari na Sanadi Zake Katika Mitandao ya Kompyuta

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi walinzi wa mitandao ya kompyuta wanavyopashana habari za tahadhari kwa njia ya huduma zilizowekwa katika wingu, na kuonyesha ya kuwa jambo hili, ijapokuwa hudhaniwa kuwa la mafundi peke yao, kwa sehemu kubwa ni jambo la lugha. Maana mlinzi apelekewaye onyo hana budi kujua limetoka kwa nani, lilionekana lini, lina yakini kiasi gani, na kama ana ruhusa ya kuwaambia wengine. Onyo lisilochukua mambo haya laweza kudhuru.

Yafaa kwanza kulifahamu neno wingu. Kompyuta zinazoitwa hivyo zimo katika majumba ya kawaida, zina umeme na nyaya na watu wa kuzitunza. Wahandisi walikuwa na desturi ya kuchora umbo la wingu mahali pa sehemu ya mtandao wasiyokuwa na haja ya kuieleza, na jina likatoka katika picha likaingia katika maneno. Faida ya huduma ya namna hii ni kuwa habari ikifika hapo mara moja tu, yaweza kuwasaidia wote waitumiao, popote walipo.

Mfano mwema ni Quad9, huduma iliyofunguliwa Novemba 2017 na IBM, Packet Clearing House na Global Cyber Alliance kwa pamoja, na ambayo mwaka 2021 ilihamishia makao yake Uswisi. Kazi yake yategemea mpango wa majina uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kompyuta katika intaneti hutambulikana kwa namba, bali binadamu hukumbuka majina. Kwa hiyo mtu aandikapo jina la mahali atakapo kufika, kompyuta yake huuliza kwanza namba ya jina hilo. Kwa atumiaye Quad9, swali hilo hupelekwa kwenye anwani 9.9.9.9. Huko jina hulinganishwa na orodha iliyokusanywa kutoka kwa wachunguzi wengi, yaani majina ya mahali panapoibiwa siri za watu, au panapotolewa amri kwa programu haribifu. Likiwa halimo, namba hutolewa. Likiwamo, muulizaji hujibiwa ya kuwa jina hilo halipo, na safari hukoma kabla ya kuanza. Hivyo mchunguzi akigundua jina baya, mtu wa nchi ya mbali asiyemjua aweza kukingwa siku ile ile, wala asitambue kuwa alikuwa hatarini.

Haja ya kushirikiana namna hii haikuzuka juzi. Baada ya programu ya Morris kuvuruga kompyuta nyingi za Marekani mnamo Novemba 1988, kituo cha kwanza cha kupokea na kueneza maonyo kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Miaka 20 baadaye, Novemba 2008, ikatokea programu haribifu iliyoitwa Conficker. Hiyo ilibuni kwa kanuni ya hesabu majina 250 kila siku, ikayatafuta ili ipate amri za bwana wake. Na toleo lake lililotazamiwa tarehe 1 Aprili 2009 liliweza kubuni majina 50,000 kila siku, yakiwa chini ya wasimamizi wa nchi zaidi ya 100. Hapana kampuni moja wala serikali moja iliyoweza kuyazuia yote. Wachunguzi, makampuni na wasimamizi wa majina walilazimika kuungana, kila mmoja akiwapa wenzake alichokijua.

Lakini kupeana majina matupu hakutoshi, na jambo hili lilidhihirika katika msiba wa WannaCry. Tarehe 12 Mei 2017 programu hiyo ilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioumia. Mchunguzi Marcus Hutchins aliona ndani yake jina refu lisilo na mwenyewe, akaliandikisha. Ikagunduliwa baadaye ya kuwa programu ile, kabla ya kuanza uharibifu, huliita jina hilo. Ikijibiwa, huacha kazi. Kwa hiyo jina lililoonekana kuwa dalili ya ugonjwa lilikuwa pia dawa yake. Mlinzi aliyelipata katika orodha ya majina mabaya, akalizuia kwa haraka bila ya kuelezwa, aliwanyima watu wake kinga ile ile. Wahenga wamesema, la mgambo likilia kuna jambo. Lakini baragumu halisemi ni jambo gani. Watu hukusanyika ili waelezwe.

Wanazuoni wa pwani yetu hawatalistaajabia hilo. Katika elimu ya hadithi, maneno hayapokewi kwa uzuri wake tu, bali huulizwa sanadi yake: nani amepokea kwa nani, na je, wapokezi ni watu wa kuaminika? Swali hilo hilo lapasa kuulizwa hapa. Mathalan, orodha tano zikitaja jina moja, mtu aweza kudhani ana mashahidi watano. Huenda nne kati yake zimenakili kutoka katika ile ya tano, na iliyonakiliwa ikawa imekosa. Mwenye duka asiye na hatia, ambaye jina la duka lake limetiwa humo kwa makosa, huona wateja wake wakijibiwa ya kuwa hayupo duniani, wala hajui ashitaki kwa nani.

Kwa sababu hiyo imetungwa lugha maalum ya kuandikia habari hizi, iitwayo STIX, ambayo tangu mwaka 2015 yasimamiwa na chama cha OASIS. Ndani yake, dalili yaandikwa mbali na maana yake; hutajwa aliyeiandika, tangu lini yafaa kutumika na mpaka lini, na kadiri ya yakini kwa hesabu ya 0 hadi 100. Tena kuna alama za mpaka wa kueneza habari, zilizofananishwa na taa za barabarani. Nyekundu ni ya wale walioambiwa tu. Manjano ni ya wenye haja ya kujua katika chama cha mpokeaji na wateja wake. Kijani ni ya jamaa yote ya walinzi. Alama ya nne, iliyoitwa nyeupe, ilibadilishwa jina mwaka 2022 ikaitwa wazi, nayo haina mpaka.

Tena kuna swali la mamlaka. Orodha iliyowekwa kwa ajili ya kukinga watu yaweza kutakiwa kwa kazi nyingine. Mwaka 2021 kampuni ya Sony Music ilipata amri ya mahakama ya Hamburg kuilazimisha Quad9 kuzuia jina la mahali palipohusiana na nakala za muziki zisizo halali. Quad9 ilipinga, na Desemba 2023 mahakama kuu ya jimbo katika Dresden iliipa haki. Jina lile halikuwa hatari kwa muulizaji. Lilikuwa hasara kwa mtu mwingine. Asiyetenganisha mambo haya mawili katika maneno hataweza kuyatenganisha katika vitendo.

Hapa ndipo lugha yetu inapohusika. Tanzania na Kenya zina vituo vyao vya kitaifa, TZ-CERT na KE-CIRT/CC, na onyo lifikapo kwa karani wa benki huko Mwanza au Kisumu, huenda likapita mikononi mwa mfasiri. Wengine hutumia neno ujasusi. Neno hilo humfikirisha msikilizaji mtu aingiaye kwa siri katika mambo ya wengine, na hali kazi hii ni kinyume chake: aliyeona hatari ndiye huwafunulia wenziwe. Upelelezi nao ni kazi ya kutafuta, si kile kilichopatikana. Kwa hiyo tumetumia habari za tahadhari, kwa kuwa neno tahadhari lataja analopaswa kufanya msikilizaji. Kwa alama zionekanazo, dalili ni neno la kufaa sana, maana kila mgonjwa ajua ya kuwa homa si lazima iwe malaria. Na kwa mlolongo wa wapokezi, neno sanadi tunalo tangu zamani, lenye maana iliyokwisha pimwa na wanazuoni wengi.

Wataalamu waweza kuyachagua mengine yaliyo bora. Jambo lisilofaa kuachwa ni tofauti zenyewe: dalili si hukumu, mashahidi wengi huenda wakawa mmoja, na onyo la jana huenda likawa uwongo leo. Mfasiri akizipoteza katika Kiswahili, mlinzi atakayemsoma atazuia asichopaswa kuzuia, na atapitisha kilichopasa kuzuiwa.