Ardhi ya Mgando: Mto Lena, Msitu Wake na Sisi

Kiswahili hakina jina lililozoeleka la udongo usioyeyuka mwaka nenda mwaka rudi. Katika makala hii tutauita ardhi ya mgando. Yafaa tuielewe, maana mambo yanayoipata yanatuhusu hata sisi wakazi wa bonde la Kongo.

Huko Yakutia, mashariki mwa Siberia nchini Urusi, mto Lena hutiririka zaidi ya kilomita 4,200 kuelekea bahari ya Aktiki. Kandokando yake umetanda msitu wa lariksi, mti wa jamii ya misonobari. Chini ya msitu huo ardhi imeganda mithili ya jiwe. Mjini Yakutsk, Fyodor Shergin alichimbisha kisima kuanzia 1828 hadi 1837. Kilifika mita 116 bila kuumaliza mgando.

Ardhi hiyo ndiyo sakafu ya kila kitu. Yakutsk hupata mvua isiyofika milimita 300 kwa mwaka. Laiti maji hayo yangezama, miti ingekufa kwa kiu. Mgando huyazuia karibu na mizizi. Nyumba nazo husimama juu ya nguzo zilizokitwa humo.

Sasa sakafu inalegea. Tarehe 20 Juni 2020 joto la Verkhoyansk, mji ulio ndani ya eneo la Aktiki, lilifikia digrii 38. Mwaka 2021 moto uliteketeza zaidi ya hekta milioni 8 za Yakutia. Moto huunguza pia mimea midogo inayoifunika ardhi na kuikinga na jua. Ikishavuliwa kinga hiyo, barafu huyeyuka, ardhi hudidimia, miti huinama, kingo za mto humomonyoka. Masalia ya mimea yaliyohifadhiwa kwa maelfu ya miaka huanza kuoza, yakitoa hewa ya kaboni na methani. Hivyo joto huzaa joto.

Nasi tunayo ghala kama hiyo. Mwaka 2017 watafiti walikadiria kwamba mboji ya Cuvette Centrale, katika Kongo zote mbili, imehifadhi tani bilioni 30 hivi za kaboni. Kule mlinzi wa ghala ni baridi. Huku ni maji. Watu wa Lena hawawezi kuirudisha baridi kwa mikono yao. Sisi twaweza kuacha kuyakausha mabwawa yetu. Fursa hiyo tusiichezee.